Pesa Imefika, Lakini ya Nani? Miezi Mitatu Ndani ya Idara ya Fedha ya Kiwanda

Umewahi kulipa kwa paybill, ukafika pale pa nambari ya akaunti, ukaandika "Mimi"? Usicheke, wako wengi. Wengine huandika jina la mtoto, wengine "deni", wengine nukta moja tu ili simu iwaruhusu kuendelea. Pesa imetoka, meseji imeingia, maisha yanaendelea. Sisi kila mara tunawaambia wateja wahakikishe nambari kabla ya kuweka PIN. Lakini tukubali tu, hatukuwa tumewahi kuketi na mtu wa upande ule mwingine, pale pesa inapotua, atueleze siku yake huwa inaendaje.

Mwezi jana tulimpata. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anasomea biashara katika chuo kikuu cha umma. Likizo ndefu ya Mei hadi Agosti 2025 aliimalizia kwenye atachimenti, katika idara ya fedha ya kiwanda kikubwa cha sabuni na mafuta ya kupikia huko Industrial Area, Nairobi. Ametuomba tusitaje jina lake wala la kiwanda, na tumekubali.

Mshahara hakuwa nao. Matatu mbili asubuhi, mbili jioni, na chapati madondo kwenye kibanda nje ya geti pamoja na mataniboi wa malori. Nauli ilitoka kwa mamake hadi mwezi wa pili, kiwanda kilipoanza kumpa kitu kidogo. Anasema alitarajia kuketi na wakubwa wakijadili bajeti. Kumbe wiki mbili za kwanza alipewa stepla na maboksi ya karatasi.

Kazi ilikuwa kulinganisha. Kila bidhaa inayoingia kiwandani ina karatasi tatu: LPO ya kuagiza, hati ya kupokea kutoka stoo, na ankara ya muuzaji. Zote tatu lazima ziseme kitu kimoja, la sivyo muuzaji halipwi. Siku ya nne alikuta ankara ya katoni 40 za kufungashia ilhali stoo walipokea 38. Akadhani amegundua wizi mkubwa, akakimbia kwa msimamizi wake. Msimamizi, mama wa makamo ambaye kila mtu pale humwita Madam, akamwangalia tu. "Mbili zililowa maji, zikarudishwa. Piga simu stoo kabla ya kupiga kelele."

Akaunti ya mayatima

Wiki ya tatu alihamishiwa meza ya wadaiwa, na hapa ndipo hadithi yetu ilipo. Kiwanda huuzia maduka ya jumla kote nchini kwa mkopo wa siku 30. Miaka ile kabla ya 2007, kabla M-Pesa haijaanza, madereva walikuwa wakirudi na mabunda ya noti chini ya kiti, na Madam bado anakumbuka hofu ya kila Ijumaa. Siku hizi pesa huingia kwa simu na kwa benki. Wengine hulipa vipande vipande kwa sababu muamala mmoja wa M-Pesa hauvuki Sh250,000, kwa hivyo deni la Sh400,000 huja mara mbili, pengine kutoka simu mbili za watu wawili tofauti, mwenye duka na mkewe.

Kila asubuhi alipakua taarifa ya paybill kwenye Excel. Safu ya msimbo wa muamala, safu ya saa, jina la aliyelipa, kiasi, na kile ambacho mlipaji aliandika kama nambari ya akaunti. Kila mteja ana nambari yake, imechapishwa juu ya ankara kwa wino mweusi. Akiiandika sawasawa, mfumo wenyewe unapeleka pesa kwenye deni lake, hakuna binadamu anayegusa. Akiandika kitu kingine, pesa inalala kwenye akaunti ya kusubiri. Pale ofisini waliiita akaunti ya mayatima.

Kazi yake ikawa kutafutia mayatima wazazi. Anasema aliipenda sana, na tunamwamini, maana alitueleza nusu saa nzima bila kunywa chai yake. Unaangalia jina, unaangalia kiasi, unapekua nani anadaiwa pesa inayokaribiana na hiyo, unapiga simu. Ikikaribia mwisho wa mwezi kila mtu anataka akaunti hiyo iwe tupu, na juu ya hayo kuna ritani ya VAT ambayo lazima iwe imefika KRA kufikia tarehe 20. Hapo hakuna anayekusalimia vizuri.

Mara moja mteja alituma picha ya meseji ya malipo akitaka lori lake liachiliwe mara moja. Ilikuwa Juni. Madam akasoma msimbo akasema, hii ni ya kubuni. Vipi? Msimbo wa M-Pesa una herufi na tarakimu 10, na ya kwanza hufuata mwaka: za 2024 zilianza na S, za 2025 na T. Ya pili hufuata mwezi, A ikiwa Januari. Meseji ya Juni ilifaa kuanza na TF. Hii ilikuwa na TC. Lakini msitegemee hilo peke yake, mwizi mwerevu anaweza kuandika herufi zinazofaa. Madam mwenyewe, hata msimbo ukiwa safi, haachilii lori mpaka auone muamala kwenye taarifa ya paybill kwa macho yake. Wenye maduka, tunawaombeni mfanye hivyo hivyo.

Ijumaa saa kumi na moja kasoro

Sasa lile alilokuja kutuambia hasa. Ijumaa moja ya Julai, jioni, ziliingia Sh94,500. Mahali pa akaunti paliandikwa jina la duka tu. Akatafuta jina hilo kwenye orodha, akalipata, duka la Kitale, linadaiwa Sh94,860. Tofauti ya Sh360 akaona ni mambo ya kawaida, pengine mteja amekata gharama fulani. Akaiweka pale. Akazima kompyuta, akakimbilia matatu.

Hakuteremsha orodha zaidi. Chini ya duka la Kitale kulikuwa na duka lingine lenye jina hilo hilo, la Kitui.

Jumamosi asubuhi mfumo uliona Kitale hana deni la maana, ukaachilia oda yake mpya. Lori likaondoka. Jumatatu saa mbili simu ikalia.

"Msichana wangu, mbona mmenizuilia mzigo? Mimi nimelipa Ijumaa."

"Samahani mzee. Hebu nisomee herufi za mwanzo za ile meseji."

Akazisoma polepole, moja moja, moja ikabidi airudie. Dada yetu akatafuta, akaupata muamala, na pembeni yake herufi za jina lake mwenyewe, kwamba ndiye aliyeuhamisha. Anasema masikio yaliwaka moto.

Mhadhiri wa chuo alikuwa anakuja Alhamisi kumkagua na kuzungumza na Madam kuhusu maksi. Mwenzake wa atachimenti, wa meza ya pili, akamnong'oneza asubiri Alhamisi ipite ndipo aseme. Hakuwa na ubaya, alikuwa anamwonea huruma. Na ingewezekana: angemwambia mzee "tunaangalia", siku tatu zingeisha zenyewe. Tulimuuliza alifikiria kwa muda gani. Akasema dakika kumi, na kwamba dakika hizo kumi bado zinamuudhi.

Alikwenda. Madam hakupaza sauti. Swali la kwanza lilikuwa, "Umempigia mzee wa Kitui kumwambia kosa ni letu?" Hakuwa amempigia. "Anza na hiyo, halafu uje na karatasi ya marekebisho nitie sahihi."

Kufikia saa nne vitabu vilikuwa sawa. Lakini vitabu si lori. Lori la njia ya Kitui huenda Jumatatu na Alhamisi, na la Jumatatu lilikuwa limeshatoka. Mzee alikaa siku tatu bila mafuta ya kupikia dukani. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba wateja wake wameshaanza kwenda kwa jirani, na huyo jirani huwa hawarudishi. Kitale naye, ambaye sasa alikuwa amebeba mzigo mpya juu ya deni la zamani, alilipa kwa vipande viwili ndani ya wiki tatu, baada ya simu nyingi za afisa wa mauzo.

Alhamisi Madam alimweleza mhadhiri kila kitu, mbele yake, kosa na yote. Maksi zilizotoka hakutuambia, na hatukumsukuma.

Kama ni wewe uliyelipa

Tulimuuliza angetaka wateja wetu wafanye nini. Alicheka akasema, wasome ankara juu kulia. Nambari ya mteja iko hapo. Iandike kama ilivyo, hata kama karani anakujua kwa sura, kwa sababu anayepokea pesa kwanza ni mashine. Ukilipa vipande, kila kipande kibebe nambari hiyo hiyo. Ukimtuma mtu akulipie, mpe nambari, usimpe jina la duka.

Na ukikosea? Hapa tuongeze letu, maana tunaulizwa kila siku. Ukimtumia mtu binafsi pesa kimakosa kwa M-Pesa, sambaza meseji ile ya muamala kwa 456 mara moja kabla hajaitumia. Lakini kama paybill ni sahihi na ulichokosea ni akaunti pekee, usikimbilie kutaka pesa irudi. Imeshafika nyumbani, imekosa jina tu. Pigia biashara hiyo, omba idara ya hesabu, wasomee msimbo. Usiifute meseji hadi uone deni limepungua.

Siku yake ya mwisho, katikati ya Agosti, akaunti ya mayatima ilikuwa imebaki na kitu kimoja. Sh650, zimetumwa saa tano usiku, na mahali pa nambari ya akaunti mtu ameandika "Asante". Alipiga simu za wateja wote aliodhani wanaweza kuwa ndio. Hakuna aliyezidai. Wiki iliyopita alimwandikia Madam kumuuliza, na bado ziko pale.