Siku ya Mwisho Amsterdam: Mji Uliosimama Juu ya Magogo

Siku ya mwisho ya safari ya ng'ambo ndiyo inayopotezwa na wengi. Kozi au mkutano uliompeleka mtu umekwisha, ndege ni ya usiku, na saa zote zilizosalia anazimaliza madukani akitafuta viatu vya mtoto na kitambaa cha shemeji. Iwapo kazi itakufikisha Amsterdam, mji mkuu wa Uholanzi, nakushauri ununue zawadi mapema. Siku ya mwisho iachie miguu yako.

Anzia stesheni kuu ya garimoshi, jengo la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1889. Chini yake hamna mwamba; mna matope, na katika matope hayo yamekitwa magogo zaidi ya 8,000 yanayolibeba jengo zima. Mwendo wa dakika chache utakufikisha kwenye uwanja wa Dam, lilipo Kasri la Mfalme, lililoanza kujengwa mwaka 1648 ili liwe jumba la baraza la mji. Lenyewe limesimama juu ya magogo 13,659. Watoto wa shule wa huko huikariri hesabu hiyo kwa njia rahisi: chukua siku 365 za mwaka, tanguliza 1, malizia na 9.

Utauliza, je, mbao hizo haziozi? Haziozi upesi maadamu zimezama majini na hazipati hewa. Kwa hiyo maji ya mji huu hayaachwi yapande na kushuka yapendavyo. Kuyalinda yasizidi wala yasipungue ni kuzilinda nyumba zenyewe.

Sasa elekea magharibi. Utavuka mifereji minne iliyoupinda mji wa kale mfano wa nusu duara: Singel, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht. Singel ulikuwa handaki la kuulinda mji. Mingine mitatu ilianza kuchimbwa mwaka 1613, biashara ilipokuwa imeshamiri. Tazama juu. Nyumba ni nyembamba na ndefu, na kileleni mwa nyingi hutokeza boriti yenye kulabu. Mashua zilifunga mlangoni, na mizigo ikavutwa kwa kamba na kapi hadi darini. Hata leo ngazi za ndani ni finyu mno, hivi kwamba ahamaye hupitishia kabati lake dirishani.

Kwa karne nyingi mifereji hiyo ilikuwa pia jalala na choo cha mji, na uvundo wake wakati wa joto ulijulikana mbali. Siku hizi milango ya maji hufungwa mara kadhaa kwa juma, maji mapya yakaingizwa na ya zamani yakasukumwa nje. Uchafu haujakwisha kabisa: kila mwaka maelfu ya baiskeli huopolewa kutoka chini ya mifereji.

Ufikapo Herengracht, tafuta nyumba namba 502. Ni makazi rasmi ya Meya, jumba la fahari kwelikweli. Aliyejengewa katika karne ya 17 ni Paulus Godin, mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya India ya Magharibi, iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika hadi Amerika. Tangu mwaka 2006 lipo jiwe la kumbukumbu mbele ya nyumba hiyo linaloutaja ukweli huo.

Simama hapo kidogo, wala usidhani kwamba habari hii ni ya watu wengine. Kampuni dada, ile ya India ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1602, ilituma meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi pwani ya Waswahili kati ya mwaka 1776 na 1778, kununua watu. Tarehe 1 Julai 2021 Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji, na tarehe kama hiyo mwaka 2023 Mfalme Willem-Alexander naye akaomba radhi. Uzuri wa mifereji hii unaruhusiwa kuupenda. Lakini upende huku ukijua ni jasho na damu ya nani iliyochangia gharama yake.

Kwenye Prinsengracht, namba 263, ndipo alipojificha msichana wa Kiyahudi, Anne Frank, pamoja na watu wengine saba, tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Katika wanane hao, baba yake peke yake ndiye aliyenusurika. Tiketi hununuliwa kabla, kwa njia ya intaneti.

Jioni rudi kupitia Grimburgwal, katikati ya mji. Septemba 2020 ukuta wa mfereji huo uliporomoka majini. Kuta nyingi za namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, zikaja kubebeshwa malori, na nguzo zake za mbao zimezeeka. Sasa mji umo katika kazi ya miaka mingi ya kuzikagua na kuzijenga upya. Waliojenga walikwisha fanya sehemu yao. Kutunza ni zamu ya kila kizazi, na zamu hiyo haina sherehe ya ufunguzi.

Kisha panda garimoshi uende kiwanja cha ndege cha Schiphol. Unapongoja kuitwa, kumbuka kwamba umeketi mahali palipokuwa chini ya ziwa, lililokaushwa kwa mitambo ya mvuke hadi mwaka 1852. Ardhi ya hapo iko chini ya usawa wa bahari, nawe umekauka, kwa sababu wapo wafanyakazi usiowaona wanaozitunza pampu.