Siku ya Kutoona Nyangumi Nayo Iandikwe

Kuanzia Julai hadi Septemba, nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Kenya wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa. Boti ya utafiti haiwezi kukaa majini msimu mzima ikiwangoja. Ndiyo maana mwaka 2011 ulianzishwa mtandao wa kitaifa wa mamalia wa baharini, unaopokea taarifa za wavuvi, wapiga mbizi na manahodha wa boti za watalii.

Picha ya simu inatosha kuanzia. Nyangumi akizama huinua mkia, na upande wa chini una weusi, weupe na makovu ya kwake peke yake. Vivyo hivyo papa shilingi, ingawa ni samaki, hutambulika kwa madoa yaliyo nyuma ya matamvua. Mwaka 2005 watafiti walichukua hesabu ambazo wanaastronomia hulinganishia nyota, wakazitumia kwa madoa hayo. Kule Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania, picha zimeonyesha papa walewale wakirudi mwaka baada ya mwaka.

Siku hizi kompyuta hujifunza kuwatambua kutokana na mifano. Hupewa maelfu ya picha zilizokwisha kutambuliwa na watu. Hukisia, ikikosea hurekebisha hesabu zake, hukisia tena. Ikiletewa mkia mpya, hutoa orodha ya wanaofanana nao, kisha mtaalamu huamua.

Lakini kumjua nyangumi ni jambo moja, kujua kama wanaongezeka au wanapungua ni jingine. Mwezi huu zikija picha kumi na mwezi jana zilikuja mbili, kilichoongezeka ni nyangumi au ni boti? Kusi likivuma, mashua nyingi ndogo hubaki ndani ya mwamba, kwa hiyo macho hupungua wakati uleule nyangumi wanapopita. Tukitegemea picha pekee, ramani yetu itaonyesha waliko watalii, na mlango wa Kilindini, Mombasa, mbele ya Likoni, zinamopita meli kubwa, utaonekana hauna kitu.

Dawa yake ni daftari. Nahodha wa Mtongwe au Bamburi aandike saa aliyotoka, saa aliyorudi, alikopita, na kama hakuona chochote, aandike hivyo. Taarifa hiyo haina picha, lakini bila yake hesabu haikamiliki. Nao watafiti, wakiwemo wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, wazipelekee BMU, yaani kamati za usimamizi wa fukwe, majibu kwa Kiswahili, kwa sababu aliyechangia kazi ana haki ya kujua imefika wapi.