Mama, Mwalimu na Brashi Yake

Imeota mizizi majumbani mwetu dhana kwamba mwanamke akishazaa, kipaji chake hukunjwa kikawekwa sandukuni pamoja na nguo za harusi. Juma hili tumeona vyema tuwaletee wasomaji wetu habari za Fahrelnissa Zeid, mchoraji Mwislamu wa Uturuki, ambaye maisha yake yanaipinga dhana hiyo.

Alizaliwa mwaka 1901 katika kisiwa cha Büyükada, karibu na Istanbul, na mwaka 1919 akajiunga na chuo cha sanaa cha wanawake mjini humo. Mwaka uliofuata akaolewa. Mwanawe wa kwanza, Faruk, alifariki mwaka 1924 angali mdogo. Mama huyo hakuiacha brashi. Waliofuata, Nejad na Şirin, walikua wakimwona mama yao akichora. Nejad akawa mchoraji mashuhuri jijini Paris, na dada yake akawa mwigizaji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ndoa yake ya pili ilikuwa na Amiri Zeid bin Hussein wa Iraki, nao wakajaaliwa mwana, Raad. Mumewe alikuwa balozi jijini London pale ufalme wa Iraki ulipopinduliwa Julai 1958 na jamaa zao kuuawa. Cheo na makazi ya ubalozi vikawatoka. Hapo ndipo Fahrelnissa, aliyekwisha kupita miaka hamsini, alipoingia jikoni kupika kwa mara ya kwanza. Akaitazama mifupa ya kuku iliyobaki mezani, akaanza kuipaka rangi, na baadaye akaigandisha ndani ya rezini, utomvu ulio angavu kama kioo. Kazi ya nyumba ikamfungulia mlango mpya wa sanaa.

Mumewe alipofariki mwaka 1970, alibaki Ulaya kwa muda, kisha mwaka 1975 akahamia Amman, Jordan, awe karibu na Raad. Nyumbani kwake huko akawafundisha uchoraji wanawake kadhaa, na mwaka 1981 kazi zao zikaonyeshwa pamoja na zake. Mmoja wao, Suha Shoman, baadaye alianzisha Darat al Funun, nyumba ya sanaa ya mji huo. Miaka hiyo ya ualimu mwalimu mwenyewe alichora zaidi nyuso za jamaa na rafiki zake, ilhali zamani alijulikana kwa maumbo na rangi tupu. Alifariki mwaka 1991.

Tunafahamu kuwa wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kuchora viumbe wenye roho, na hapa si mahali pa kulifafanua suala hilo. Tunafahamu pia kwamba Fahrelnissa aliishi maisha ya kifalme na hakukosa wahudumu. Mama wa Kisauni au Lamu, mwenye watoto wanne na jiko moja, hana wasaa huo. Basi wasaa huo atampa nani, kama si sisi waume?

Wapo kati yetu wake wenye mikono ya kushona kofia, kusuka ukili, kuchora hina na kuandika khati. Tuwatengee walau jioni moja kwa juma, sisi tushike watoto. Na siku hiyo binti akae karibu na mama yake, ajifunze kwa kutazama.