Kasha na Koni: Spika Bora Hutofautiana Wapi

Katika spika ya nyumbani, koni hutakiwa itikisike na kasha litulie. Koni inaposukuma hewa mbele, huisukuma pia hewa iliyo nyuma yake. Kuta za kasha zikiitikia, msikilizaji husikia mbao badala ya mwimbaji.

Waingereza wamelitatua hilo kwa njia zinazopingana. BBC, katika spika yake ya LS3/5A ya miaka ya 1970, ilitumia plaiwudi nyembamba iliyobandikwa ndani vibao vya kufyonza mtikisiko. Kuta ziliachwa zitikisike kidogo, ila kwa masafa ya chini yasiyosumbua sana sikio. Bowers & Wilkins ilikwenda kinyume: kasha la Matrix la miaka ya 1980 lilijazwa vibao vilivyopishana ndani, hata ukuta wake ukigongwa kwa kifundo cha kidole hutoa mlio mfupi, mkavu. Kampuni ya Quad iliondoa kasha kabisa mwaka 1957. Utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya umeme uliwambwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Besi ya spika hiyo ni haba, lakini kwa uwazi wa sauti ya binadamu ni spika chache zinazoifikia.

Koni nazo hutofautiana kwa uzito na ugumu. Karatasi ni nyepesi. Almasi, ghali mno, ni ngumu kiasi kwamba twita (kipaza sauti kidogo cha sauti za juu) ya almasi haijipindi ndani ya masafa yanayosikika. Kampuni ya KEF, mwaka 1988, iliweka twita katikati ya koni ili sauti zote zitoke mahali pamoja.

Kwa sebule ndogo, kasha dogo lililozibwa linafaa kuliko spika kubwa: besi nyingi ya spika kubwa hujirundika kwenye pembe za chumba.