Karatasi za ukaguzi husema zaidi ya dalali

BUJUMBURA – Carina ilikuwa imeoshwa vizuri, matairi yanang'aa kwa mafuta, na mita yake ilionyesha kilomita 87,000. Mnunuzi, mama anayepeleka ndagala kutoka Uvira hadi Gitega, alikuwa ameshatoa bahasha ya pesa. Fundi wake wa Buyenzi aliomba dakika moja. Akafungua boneti, akapangusa vumbi juu ya kifuniko cha taimingi beliti. Palikuwa na stika ndogo ya Kijapani. Maneno hakuna aliyeyajua, lakini tarakimu zilisomeka: 104,312 km. Hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye mita siku beliti ilipobadilishwa, miaka mingi kabla gari halijapanda meli.

Dalali alicheka, akasema labda stika imetoka kwenye injini nyingine. Mama hakubishana. Alirudisha bahasha mkobani.

Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache, na Carina Ti ni gari ambalo Toyota iliacha kulitengeneza mwaka 2001. Hata lile changa kabisa limeshapita miaka ishirini barabarani. Swali basi si kama limechoka, bali limechoka kiasi gani na nani alilipima mara ya mwisho. Kwa mfanyabiashara wa hapa swali hilo si dogo. Ukitoka kando ya ziwa kwenda Bugarama unapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kona juu ya kona, na jioni unarudi ukiteremka na mzigo. Breki iliyofichwa ubovu wake sokoni hujitokeza kwenye mteremko ule.

Magari mengi tunayoyaona hapa yalitoka Japani, yakashushwa Dar es Salaam, yakaingia kwa barabara kupitia Kabanga na Kobero. Japani ina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken. Gari dogo la abiria hukaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Probox iliyosajiliwa kama gari la mizigo hubanwa zaidi: miaka 2 ya kwanza, kisha kila mwaka. Tangu 2004 mkaguzi huandika pia kilomita alizozikuta kwenye mita, na gari linapofutwa kwenye daftari ili lisafirishwe, cheti cha kusafirishia hubeba kilomita za ukaguzi. Omba cheti hicho. Huhitaji kujua Kijapani, tafuta tarakimu zinazofuatwa na km.

Tarehe ndizo huwachanganya watu, kwa sababu Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Mwaka wa Heisei, ongeza 1988. Mwaka wa Reiwa, ongeza 2018. Kwa hiyo Heisei 26 ni 2014. Kama cheti kinasema gari lilikuwa na kilomita 140,000 mwaka huo na leo mita inasema 95,000, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Kuna pia karatasi ya mnada. Gredi 4 ni gari lililotunzwa, 3 limechakaa, na R maana yake liligongwa likatengenezwa. R si lazima ulikimbie, mradi bei nayo iwe ya R. Ila karatasi ya mnada nakala yake hughushiwa kirahisi, kwa hiyo mimi huiamini baada ya kulinganisha namba ya chasisi iliyomo na ile iliyochongwa kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Probox nyingi huanza na NCP50 au NCP51. Ukikuta chuma kimesuguliwa pale penye namba, usiulize sababu, ondoka.

Gari lililotoka Uingereza ni rahisi kuliko yote. Serikali ya huko imeweka historia ya ukaguzi kwenye intaneti bila malipo, kuanzia 2005: tarehe, mita, lilichofeli na lilichoonywa. Kinachotakiwa ni namba ya usajili ya Uingereza, basi. Kumbuka mita zao ni za maili. Maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000.

Kazi huwa ngumu zaidi kwa gari lililokwisha kuzeeka mikononi mwetu, limeuzwa mara tatu, na karatasi za Japani zimepotea. Hapo muulize mwenye gari karatasi za kontrole tekniki za OTRACO, si ya sasa peke yake bali na zile za nyuma. Pengo la miaka miwili lina maana: ama gari lililala gereji, ama lilitembea bila ukaguzi. Kisha pendekeza mwende pamoja kukaguliwa upya kabla ya malipo, gharama ulipe wewe. Muuzaji mwenye gari zima hana cha kuogopa. Anayekuambia "karatasi ipo, ya nini tena?" amekujibu tayari.

Wakikagua, tazama na taa za mbele. Magari haya yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, na mwanga wao huelemea kushoto. Sisi na Wakongo tunaendesha kulia, kwa hiyo taa zisiporekebishwa humulika machoni mwa anayekuja mbele yako.

Na gari lenye namba za Tanzania, Rwanda au Kongo? Bei yake huvutia. Lakini lililoingia kwa kibali cha muda bado linadaiwa ushuru, na Soko la Pamoja halilifuti deni hilo. Anzia OBR na namba ya chasisi kabla ya kwenda kwa fundi, na hakikisha jina kwenye carte rose ni la huyo anayekuuzia.

Mama wa ndagala alipata gari wiki tatu baadaye, Probox yenye kilomita 231,000 kwenye mita. Cheti chake cha Japani kilionyesha 164,200 mwaka 2015. Bei ilikuwa juu kuliko ya ile Carina, na kiti cha dereva kimetoboka. Alilipa mchana, gari likiwa limetoka ukaguzini asubuhi ile.