Sweta la Kufuma kwa Mkono: Nguo Inayokua na Mtoto



Tabora iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia mwezi Juni na Julai asubuhi huwa na baridi. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada, lakini sare zimebaki jukumu la mzazi. Kwa familia yenye watoto wanne, sweta ni suala la bajeti. Makala hii inaeleza namna vikundi vya kata ya Chemchem na kwingineko vinavyoweza kufuma sweta la vifungo litakalodumu.

Nguo ilipokuwa fedha

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, nguo ilitumika kama fedha. Wapagazi walilipwa kwa merikani na kaniki, na watemi walitoza hongo kwa nguo hizo hizo, zikipimwa kwa mikono, shuka na doti. Richard Burton, aliyefika Kazeh (Tabora ya leo) mwezi Novemba 1857, aliandika pia kuhusu Wanyamwezi waliofuma nguo za pamba kwa vitanda vyao vya mfumi.

Tangu masharti ya biashara yalegezwe katikati ya miaka ya 1980, mitumba imejaa masokoni. Imewasitiri wengi, wala hatuidharau. Ila mnunuzi huchukua alichokikuta, na sweta likitoboka kiwiko, uzi wa rangi ile haupatikani.

Kwa nini kufuma?

Kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima. Sweta la kufuma ni uzi uliopangwa vitanzi. Ukilifumua, uzi unarudi kuwa donge na kutumika tena.

Hatua muhimu

1. *Pima kwanza.* Fuma kipande cha majaribio chenye upana wa sm 15, kisha hesabu vitanzi katika sm 10 za katikati. Tuseme ni 20. Mtoto mwenye kifua cha sm 66 aongezewe sm 10 za nafasi, jumla sm 76. Mgongo ni nusu yake, sm 38, yaani vitanzi 76. Kila upande wa mbele ungekuwa vitanzi 38. Punguza 3 kila upande ili kuachia nafasi ukanda wa vifungo wenye upana wa sm 3.

2. *Nunua uzi wote siku moja,* wenye namba moja ya rangi, na uweke akiba ya kurekebishia. Uzi wa akriliki hukauka upesi, lakini huharibika kwa pasi ya moto. Sufu hutunza joto zaidi, ila hurudi ikifuliwa kwa maji moto.

3. *Fuma mikono kutoka begani kushuka chini.* Mtoto akirefuka, fumua ukingo wa mwisho tu, ongeza sm 5, kisha funga upya.

4. *Uliza shule kwanza* kuhusu rangi na mtindo unaokubalika.

Kabati lenye mpango

Kabla ya kununua chochote, familia itoe nguo zote na kuzigawa mafungu matatu: zinazovaliwa, za kurekebisha, na za kumpitishia mdogo. Kinachokosekana baada ya hapo ndicho cha kununua au kufuma. Mara nyingi orodha huwa fupi kuliko ilivyodhaniwa.

Tusidanganyane

Sweta moja la mkono huchukua jioni nyingi. Kwa bei, halishindani na la mashine wala la mtumba. Kikundi kisiahidiwe faida ya haraka. Faida ya kwanza ni akiba ya nyumbani na ujuzi wa kurekebisha.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wanaofikiria kutuma marobota ya nguo wafikirie pia nyuzi, sindano za kufumia na posho ya mwalimu. Kamati nazo zijadili kabla ya kipupwe kijacho: ni watoto wangapi wanaohitaji sweta, ni kina mama na kina baba gani wanaojua kufuma, na nani atawafundisha vijana?

Robota la nguo hugawiwa mara moja. Mtu aliyefundishwa kufuma ataweza kufuma tena sweta litakapochakaa.