Ulimi hautakuambia kuna floraidi

Mzazi wa Usa River au Maji ya Chai akitaka kujua kama maji ni mazuri, huyaonja. Yasipokuwa na chumvi wala harufu, mtoto anapewa kikombe. Kwa maji ya kuzunguka Mlima Meru, kipimo hicho hakitoshi.

Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mishipa mitatu ya fahamu hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, kisha juu zaidi. Harufu ina njia fupi: neva zake hupenya matundu madogo ya mfupa ulio juu ya pua na kuingia ubongoni moja kwa moja. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu, ndiyo maana mtoto mwenye mafua husema makande hayana ladha. Bana pua utafune ndizi mbivu. Utasikia utamu, lakini ndizi yenyewe huisikii mpaka uachie.

Floraidi haimo katika orodha hiyo. Kwa kiwango kinachokuwa kwenye maji haina ladha, harufu wala rangi, kwa hiyo ubongo haupati taarifa yoyote. Hata magadi tunayotia kwenye maharage, ule ukali unaousikia si wa floraidi, ingawa inaweza kuwemo kwa wingi.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya chemchemi za Meru huvuka hapo mara kadhaa, kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi tangu utotoni hadi karibu miaka 8, na floraidi ikizidi hutoka na madoa ya kahawia. Kumgombeza mtoto huyo kuwa hapigi mswaki ni kumwonea. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa.

Kuchemsha huua vijidudu tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Ulizia vipimo kwa wanaokusambazia maji. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni afadhali kwa kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa, utaalamu uliofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, hubadilishwa.

Mama anayenyonyesha asiogope. Maziwa yake huwa na floraidi kidogo sana, hata kama yeye anakunywa maji hayo. Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto anayekorogewa maziwa ya unga.